Bomba la Pili

Mimi ndiye niliyemwambia mdogo wangu ajenge ndani ya ziwa.

Sikusema ziwa, bila shaka. Nilisema uwandani. Kila mtu anasema uwandani, kwa kuwa ukisimama pale katikati huoni kitu ila vumbi, vichaka vikavu, na mbuzi wanaotafuna kwa kukata tamaa. Viwanja vilikuwa vimegawiwa, mumewe ni mwashi, watoto watatu wamebanana chumba kimoja cha kupanga. Basi mdogo wangu alikuja kazini kwangu, akaketi juu ya sanduku la sampuli ambalo nimekataza watu kuliketia, akaniuliza, "Dada, wewe ndiye unayejua mambo ya ardhi. Watu wa kule wanasema zamani palikuwa na maji. Nijenge, nisijenge?"

Nikacheka. Kicheko kile nakikumbuka kuliko maneno.

"Watu wa kule hawajui hata hiyo zamani ni lini," nikamwambia. "Ziwa lile lilikauka moja kwa moja, miaka elfu nane iliyopita. Nimelishika kwa mikono yangu hii. Wewe hujasoma mambo haya, mdogo wangu, niachie mimi. Kajenge."

Akaenda akajenga.

Kazi yangu ni kusoma matope. Watu wakiniuliza nafanya kazi gani huwa nawajibu hivyo hivyo, wakacheka, nami nikawaacha wacheke. Ziwa linapoishi huweka tope chini yake, kidogo kidogo, mwaka juu ya mwaka. Likikauka huacha chumvi. Maji yakishasahaulika, upepo huleta vumbi na kufunika vyote. Ukipigilia bomba la chuma ardhini na kulivuta, linatoka na kipande cha historia hiyo tumboni, kama nyama ndani ya utumbo, mita moja kwa kila bomba. Kisha unakisoma kutoka chini kwenda juu, kwa sababu cha chini ndicho cha kale.

Hapo ndipo penye hatari moja ambayo fani nyingine hazina. Bomba likishatoka ardhini na kulazwa chini, halina kichwa wala miguu. Ncha zote mbili ni mduara wa chuma uliojaa udongo. Kwa hiyo sheria ya kwanza tunayofundishwa, kabla hata ya kufundishwa kunawa mikono, ni kufunika ncha hizo papo hapo: kifuniko chekundu juu, cheusi chini. Mpishi hawezi kugeuza sufuria juu chini asijue. Sisi tunaweza, na tunaweza kuendelea kutojua kwa miaka thelathini.

Kule uwandani tulichimba mashimo sita. Matano yalikuwa pembezoni, hayakutoa la maana. Moja tu lilikuwa katikati, kwenye shina la bonde, nalo lilitoa mabomba matatu safi. La kwanza, vumbi tupu. La pili, chumvi juu, tope chini. La tatu, tope zaidi. Hadithi yake ilinyooka: palikuwa na ziwa, likakauka, likabaki chumvi, upepo ukafukia. Nilichora mchoro wake mimi mwenyewe nikiwa na miaka ishirini na mitatu na cheti kisichokauka wino. Mchoro ule ukaingia kwenye ripoti, ripoti ikaingia kwenye ripoti nyingine, na hadi leo umetundikwa ukutani nje ya ofisi ya mkurugenzi, ndani ya fremu yenye kioo. Watu hunukuu mchoro. Hakuna anayefungua sanduku.

Hata mimi, mwenye funguo, sikulifungua.

Nyumba ya mdogo wangu ilipovuka linta, nilikwenda kuitembelea. Ilikuwa imepigwa bati tayari upande mmoja, vyumba vitatu na baraza, na dirisha la jikoni mdogo wangu alilolipima kwa kimo chake ili aweze kuwaona watoto wakicheza akiwa anaosha vyombo. Alinionyesha kila pembe, hata mahali pa kutundikia taulo. Sikuwa nimemwona na furaha ile tangu mama yetu afariki. Shemeji naye alikuwa na lake la kujivunia. Nyuma ya nyumba alikuwa amechimba shimo la choo, mita tatu na ushee, na alitaka nione jinsi alivyolichonga.

"Shemeji, njoo uone kuta," akaniambia. "Hata wafalme hawazikwi kwenye shimo lililonyooka hivi."

Nikainama kumsifia.

Juu palikuwa na vumbi la kahawia, mita moja, kama kwenye bomba la kwanza. Sawa. Chini yake palipaswa kuwa na chumvi. Hapakuwa na chumvi. Palikuwa na tope la kijivu, nusu mita nzima, limejaa vigamba vya konokono wa majini, vyeupe, vyembamba kama kucha za mtoto. Chumvi ilikuwa chini ya tope hilo. Na chini ya chumvi, tope tena.

"Nipe ngazi," nikasema.

"Ya nini?"

"Shemeji, nipe ngazi."

Nikashuka na viatu vyangu vya kutokea. Nikapima kwa shubiri, nikapima tena. Nikachomoa kigamba kimoja kwa kucha, nacho hakikuwa jiwe. Kilikuwa kigamba cha kawaida, cha konokono aliyeishi jana ya ardhi. Nilielewa pale pale, nikiwa shimoni, kabla ya kutaka kuelewa. Ziwa halikukauka mara moja likaisha. Lilikauka, likaacha chumvi, kisha likarudi. Na lililorudi mara moja hurudi tena.

"Umepoteza kitu huko?" mdogo wangu akauliza, akichungulia kwa juu na kucheka.

"Hapana," nikasema. "Choo kimekaa vizuri."

Hayo ndiyo maneno niliyopata. Choo kimekaa vizuri. Sikutaka kusema neno kabla ya kuona sanduku, maana sehemu yangu moja ilikuwa bado inatumaini kwamba shimo ndilo lililokosea. Lakini shimo la choo haligeuzwi juu chini. Shimo linakaa pale lilipochimbwa.

Kesho yake asubuhi nilikuwa stoo kabla mlinzi hajanywa chai. Sanduku lilikuwa rafu ya chini kabisa, limelaliwa na vumbi la miaka. Nikalitoa, nikafungua bomba la pili, nikalipangusa kwa brashi, nikatafuta nyufa.

Kila mtu ameziona nyufa hizo. Dimbwi likikauka, tope hupasuka. Ufa huwa mpana juu, kwenye jua, na hupungua kadiri unavyoshuka hadi kuwa uzi. Kisha upepo huujaza mchanga. Kwenye bomba langu nyufa zilikuwepo, tatu, zimejaa mchanga mzuri kabisa. Lakini zilikuwa nyembamba juu na pana chini. Hakuna tope duniani linalopasuka kuanzia tumboni. Bomba lilikuwa limegeuzwa. Na kwenye ncha isiyo ya juu, kwa rangi nyekundu, palikuwa pameandikwa JUU kwa mwandiko wangu, ile J yangu yenye mkia ambayo mwalimu wangu wa darasa la nne alishindwa kunikanya.

Nikakaa juu ya sanduku hilo, mimi niliyekataza watu kuketia masanduku ya sampuli.

Ningependa kusema nilikuwa nimesahau siku ile. Sikuwa nimesahau. Nilikuwa nimeifukia tu. Ilikuwa saa saba mchana, jua linatoboa kichwa, nami nikiwa msichana pekee katika kundi la wanaume kumi na moja, nikijua kila mmoja wao ananingoja niteleze. Mkuu wa wachimbaji alikuwa mtu mzima, umri wa baba yangu, tukimwita Keekee, jina la chombo cha kutobolea, kwa sababu alikuwa anatoboa ardhi tangu ujana wake. Alibeba bomba la pili begani, akalilaza chini, akaenda kuvuta la tatu. Nilipomaliza kufunika akarudi, akatazama, akasema mbele ya wote, bila ubaya, "Binti, hilo umeligeuza. Upande huu uliokuwa shingoni kwangu ndio wa juu."

Dereva akacheka. Kicheko kimoja tu cha dereva ndicho kilichotosha.

"Mzee," nikasema, "kila mtu na kazi yake. Wewe vuta, mimi nitasoma."

Hakuniacha. Jioni alikuja tena, akanisihi, akasema ni vibaya kuandika uongo juu ya ardhi. Siku ya pili nikaandika barua. Wiki iliyofuata Keekee hakuwepo kazini, na mimi nikatulia, kwa kuwa hapakuwa tena na mtu wa kunitazama mikono.

Nilimwendea mkurugenzi na nyufa zangu tatu. Ni mdogo kwangu kwa miaka kumi na tano, mwenye adabu ya kunifungulia mlango na tabia ya kutazama saa. Alisikiliza hadi mwisho.

"Mama," akasema, "viwanja mia nne vimegawiwa kwa msingi wa ule mchoro. Unataka nikawaambie watu nini? Kwamba mtaalamu wetu ameingia chooni akapata wazo?"

"Njoo uone bomba."

"Nimekuamini. Lakini bomba limekaa stoo miaka thelathini. Mtu yeyote atasema liligeuzwa humo, wakati wa kufagia. Niletee kitu cha siku ile ile. Daftari la uwandani liko wapi?"

Daftari lilishaliwa na mchwa. Alijua, nilijua.

"Basi hatuna kitu," akasema, kwa upole kabisa.

Tulikuwa nacho. Nilitoka pale nikiwa nakijua, na miguu haitaki kunipeleka. Ile barua yangu ya kumshtaki Keekee ilikuwa na tarehe, muhuri, na namba ya bomba. Jalada lake pale ofisini lilikwishachomwa pamoja na majalada ya wote walioondoka. Nakala moja tu ingeweza kuwepo duniani, kwa mtu niliyemfukuzisha kazi, aliyepewa ya kwake siku ya kuondolewa.

Nilimkuta anatengeneza baiskeli, kwenye kibanda cha mbao nyuma ya gereji. Amezeeka, mgongo umepinda, lakini mikono ni ile ile. Alikuwa ameweka skrubu alizozitoa kwenye kitambaa, kwa mstari, kwa mpangilio wa kuzirudisha.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba." Akanitazama kidogo. "Binti wa vifuniko."

Sasa nitasema ukweli, hata kama unanivua nguo. Niliomba barua kwanza. Msamaha niliukumbuka nikiwa nimeshaishika.

Hakuhitaji kuitafuta. Ilikuwa ndani ya mfuko wa plastiki, pamoja na kitambulisho chake, imekunjwa hadi mikunjo imekatika na kugundishwa kwa gundi ya viraka vya baiskeli.

"Mbona umeitunza hivi?" nikamwuliza.

"Kila nilikoomba kazi ya kuchimba walitaka barua ya mwajiri wa mwisho," akasema. "Niliyokuwa nayo ni hiyo."

Nikaisoma nimesimama. *Mchimbaji huyu amekaidi maelekezo ya kitaalamu na kudai, mbele ya wafanyakazi wote, kwamba bomba la pili la shimo la katikati limewekwa juu chini. Hana elimu ya kujua juu na chini.* Chini yake sahihi yangu, yenye mbwembwe.

"Mzee, nisamehe," nikasema.

Akafikiri. Hakuwa na hasira, na hilo liliniuma zaidi. Hasira ningeijibu, nina uzoefu nayo.

"Sijui kama nimekusamehe," akasema. "Sijawahi kuulizwa. Ngoja nilifikirie." Kisha akauliza, "Kwani kule wamejenga?"

"Wamejenga. Mdogo wangu amejenga."

Akaweka bisibisi chini. "Chukua hiyo karatasi uende," akasema. "Mimi nimeshaisoma vya kutosha. Na usipitie ofisini kwanza. Pitia kwa mdogo wako."

Hata hilo ilibidi niambiwe.

Mdogo wangu alikuwa barazani anakunja nguo. Bati lilikuwa limekamilika, dirisha la jikoni limetiwa kioo. Nilimweleza yote: nyufa, chumvi, konokono, hata mzee wa kibanda cha baiskeli nyuma ya gereji. Alinisikiliza akiendelea kukunja, kama anasikiliza habari za mtu wa mbali.

"Dada," akasema mwishowe, "vumbi linatutoa machozi hapa. Maji tunanunua kwa madumu. Wewe unaniambia nikimbie mafuriko?"

"Mvua ikinyesha sana milimani, yatakuja. Mwaka huu au mwaka wa tano. Lakini yatakuja."

"Ulisema hayawezi."

"Nilikosea."

"Ulisema umelishika kwa mikono yako."

Nikampa barua. Sikuwa na lingine la kumpa. Aliisoma kwa sauti, taratibu, kama anavyowasomea watoto, hadi kwenye sahihi. Kisha akarudia mstari mmoja.

"*Hana elimu ya kujua juu na chini.*" Akainua macho. "Mimi nilikuuliza, Dada. Kabla ya kuchimba msingi nilikuuliza. Uliniambia sijasoma, nikuachie wewe."

Mdomo huponza kichwa, wanasema, lakini wangu ulikuwa umeponza kichwa cha mwingine.

Shemeji alikuwa amesimama mlangoni muda wote, na sikuwa nimemwona. Aliingia ndani, akatoka na nyundo, akaegemeza ngazi ukutani, ile ile niliyoshukia shimoni, akapanda juu ya nyumba yake. Tukasikia msumari wa kwanza ukilia ukitoka kwenye mbao. Halafu wa pili. Mtoto mdogo akauliza baba anafanya nini.

"Nenda, Dada," mdogo wangu akasema. "Bati lina makali. Lisije likakukata."

Akanirudishia barua, imekunjwa vizuri, akaendelea na nguo.

Mkurugenzi aliipokea, akaisoma mara mbili, akaipiga nakala. Tangazo lilitoka baada ya mwezi, likisema hali ya bonde inapitiwa upya kufuatia kosa la mtumishi mmoja. Mtumishi huyo mmoja, yaani mimi, nilistaafishwa mapema, na mchoro ukashushwa ukutani. Watu wa viwanja walisoma tangazo, wakatazama mawingu, wakaona hakuna, wakaendelea kupiga plasta. Nilizunguka nyumba kwa nyumba. Wengine walinikaribisha maji. Mmoja aliniuliza kama si mimi yule niliyesema ziwa limekufa.

Mvua ilinyesha milimani, siku kumi na moja. Uwandani halikudondoka hata tone. Kisha asubuhi moja maji yalikuwa pale, bila kishindo, bila wimbi, yamelala juu ya vumbi yakiakisi anga. Hakufa mtu, nashukuru. Walitoka na magodoro vichwani, watoto mgongoni, mbuzi wakibaki. Nilikwenda kutazama kutoka kwenye mwinuko. Nyumba ya mdogo wangu niliitambua kwa kuwa ilikuwa peke yake isiyo na bati. Maji yalikuwa yamefika kwenye dirisha la jikoni.

Chini ya maji yale, tope jipya lilikuwa linajipanga, la chembe nene chini, laini juu. Nilijua bila kuona. Ujuzi ninao, haujawahi kunipungukia.

Niliokoa familia yake, watu huniambia, na mimi huwaacha waseme. Mdogo wangu hakunipigia simu. Miezi mitano nilipiga mimi, akajibu kwa heshima, habari ya afya, watoto hawajambo, salamu, kwaheri. Kisha nikasikia kwa watu kwamba shemeji amepata kipande cha ardhi kwenye mteremko, juu kabisa ya bonde. Nikashona mapazia. Nilikumbuka vipimo vya dirisha la jikoni, nikajua atalirudia lile lile.

Nilifika mchana. Msingi ulikuwa haujachimbwa, pamewekwa kamba na vigingi tu. Katikati ya kamba alisimama shemeji ameshika mpini wa keekee ya mkono, na upande wa pili wa mpini, amepinda mgongo, amevaa kofia kuukuu ya kazi, alikuwa mzee Keekee. Wanazungusha pamoja, polepole. Kila mzunguko mzee anainama, anatoa kipande cha udongo, anakinusa, anakilaza juu ya gunia. Vipande vilikuwa vimejipanga kwa mstari mmoja mrefu, na kwenye ncha ya mwanzo wa mstari palikuwa na kizibo chekundu cha chupa.

"Mzee, tujenge, tusijenge?" shemeji akauliza.

"Bado," mzee akasema. "Tushuke kidogo tena. Bado sijui."

Miaka yangu yote kazini sikuwahi kulisema neno hilo la mwisho kwa sauti.

Nikasogea, mapazia kwapani. Mdogo wangu ndiye aliyeniona. Alikuja haraka, nikadhani anakuja kunipokea. Akasimama kati yangu na gunia, mikono ameinyoosha pembeni, kama mtu anayezuia kuku.

"Dada, simama hapo hapo," akasema. "Tafadhali usije upande huu. Mzee ameupanga udongo."